Hati, Jembe na Ng'ombe: Jinsi Masisi Ilivyoteremka Hadi Ndosho

Asubuhi na mapema, ukungu wa Nyiragongo haujaondoka, barabara ya Sake hujaa vitu vya Masisi. Malori yamesheheni viazi na makaa. Pikipiki zimebeba bidoni za maziwa, zimefungwa kwa kamba za mpira. Jibini la Masisi, lile duara la manjano lenye ngozi ngumu ambalo Goma nzima huliita fromaji, hupita ndani ya makatoni kuelekea maduka ya mjini, na mengine yalikuwa yakisafirishwa hadi Kinshasa. Hapa Ndosho, mtaa wa Goma, vingi kati ya vitu hivyo hupita tu. Wanaobaki ni watu.

Maana watu nao waliteremka kwa barabara hii hii. Waliteremka mwaka 1993, wakateremka tena 1996, na katika vita vya waasi wa CNDP, na vya waasi wa M23 mwaka 2012, na mwanzoni mwa 2024 mapigano yalipofika Sake. Kila mara walikuta mawe meusi ya volkeno, wakayasawazisha kwa nyundo, wakasimamisha nyumba ya mbao juu yake. Mzee aliyekuwa analima maharagwe kwenye udongo wa Masisi, udongo unaotoa mavuno mara mbili kwa mwaka, leo ana kiwanja cha hatua chache ambacho hata mchicha hauoti vizuri. Mwulize kilichomleta, atakwambia vita. Waulize wanaojiita wataalamu kilicholeta vita, watakwambia makabila.

Jibu hilo la makabila ni jepesi, na lina watetezi wengi kwa sababu linawafaa wengi. Mwanahistoria mmoja alilikataa mapema. Mwaka 1990 Stanislas Bucyalimwe Mararo alitetea tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, kuhusu migogoro ya ardhi Masisi kati ya 1920 na 1989. Zingatia tarehe. Vita vya 1993 vilikuwa havijaanza, wakimbizi wa Rwanda wa 1994 walikuwa hawajavuka mpaka, na dunia ilikuwa haijasikia jina la Masisi. Yeye alikuwa tayari anauliza maswali ya mkulima: ardhi hii ni ya nani, aliipataje, nani anailima, na mavuno yanakwenda wapi? Mwaka 1997 aliendeleza hoja hiyo katika makala iliyounganisha ardhi, madaraka na ugomvi wa makabila Masisi tangu miaka ya 1940 hadi 1994. Ukifuata maswali hayo, unaona tabaka likijengwa hatua kwa hatua, kwa wino na mhuri.

Wino wa kwanza ni wa Leopold, mfalme wa Wabelgiji. Amri ya tarehe 1 Julai 1885 ilitangaza kwamba ardhi isiyokaliwa na mtu ni mali ya Dola. Kwa karani aliyeketi Ulaya, jambo hilo lilikuwa wazi kabisa. Kwa Mhunde, mwenyeji wa Masisi, halikuwa na maana yoyote, kwa sababu yeye alilima bonde miaka kadhaa, akaliacha lipumzike, akahamia upande wa pili wa kilima, huku bonde lile la kwanza akiendelea kuwinda na kukata miti ndani yake. Mpima ardhi alipofika alikuta majani marefu, akaandika kwamba hakuna mwenyewe. Mwaka 1925 ikaja Hifadhi ya Taifa ya Albert, ya kwanza barani Afrika, ambayo leo tunaiita Virunga. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, kwa kufuata mfano wa kamati ya Katanga, ikapewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi. Miinuko ya Masisi ina baridi, haina mbu wengi, na inakubali kahawa, chai, pareto na kwinini. Mzungu aliipenda sana.

Tatizo lake lilikuwa mikono ya kufanya kazi. Wahunde hawakuwa wengi, na wenye ardhi yao hawakuona sababu ya kuiacha wakavune pareto ya mtu mwingine. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda ilikuwa imejaa watu, na njaa iliyoitwa Rwakayihura ilikuwa imewaua wengi mwaka 1928 na 1929. Wabelgiji waliunganisha matatizo hayo mawili wakapata dawa moja. Mwaka 1937 walianzisha mpango wa kuhamisha Wanyarwanda, unaojulikana kwa kifupi cha MIB. Hadi 1945 watu wapatao 25,000 walikuwa wameletwa Gishari. Kisha kati ya 1949 na 1955 wakaletwa wengine wanaokadiriwa kuwa 60,000, wakasambazwa Masisi na Bwito. Wakuu wa Wahunde walilipwa fidia kwa ardhi ya Gishari. Wahamiaji wakapewa utawala wao wenyewe, wenye chifu wao. Mwaka 1957 Wabelgiji hao hao wakaufuta utawala huo, wakawarudisha wahamiaji chini ya machifu wa Kihunde.

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya yaliyofuata imelala katika miaka hiyo 20. Walikuwapo maskini wa aina mbili. Wa kwanza alipoteza ardhi ya babu yake. Wa pili aliletwa kwenye ardhi hiyo kwa lori la serikali, akaahidiwa kwamba ni yake, kisha akaambiwa ni mgeni wa mwami (chifu) na anapaswa kutoa mutulo, yaani ada ya kushukuru kupewa mahali pa kulima. Kila mmoja alimwona mwenzake kila siku: sokoni, kisimani, kwenye mpaka wa shamba. Mwenye pareto, aliyewafaidi wote wawili, alikaa juu kilimani kwenye nyumba ya matofali, na jina lake halikutajwa kwenye ugomvi wao.

Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 haukubadilisha mpangilio huo. Ulibadilisha anayekaa kilimani, tena baada ya muda. Kwanza kulikuwa na vita ambavyo wazee bado wanaviita vya Kanyarwanda, kati ya 1963 na 1965, wakati mkoa mpya wa Kivu ya Kaskazini ulipowapa viongozi wa "wenyeji" nafasi ya kuamua nani apige kura na nani asipige. Kisha Mobutu akashika nchi. Mwaka 1966 sheria ya Bakajika ikarudisha ardhi yote mikononi mwa Dola. Tarehe 20 Julai 1973 ikatoka sheria kuu ya mali, ambayo kifungu chake cha 53 kinasema ardhi ni mali ya Dola peke yake, haiuzwi wala haipotei kwa kupita kwa muda. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo, Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire.

Wazaire gani? Hapo ndipo historia ya tabaka inapoanza kuwa na majina. Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Barthélemy Bisengimana, aliyekuwa mkurugenzi wa ofisi ya Rais kuanzia 1969 hadi 1977. Yeye alikuwa wa asili ya Kinyarwanda, na inaaminika kwamba alikuwa na mkono katika sheria ya uraia ya tarehe 5 Januari 1972, iliyowapa uraia watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wameishi Kivu tangu kabla ya 1950. Alipata shamba kubwa la Osso huko Masisi. Lakini atakayeishia kwa Bisengimana atakuwa ameyasoma mambo nusu, na nusu hiyo ndiyo hupigiwa kelele kwenye mikutano ya siasa. Waliopata ma-ferme, kama tunavyoyaita huku, walikuwa Watutsi, Wahutu, Wahunde na Wanande, pamoja na wanasiasa na maofisa wa jeshi waliokuwa na jamaa Kinshasa. Machifu wengi walikuwa mlangoni wakipokea. Chifu aliyekuwa akigawa ardhi kwa mutulo aligundua kwamba anaweza kuiuza mara moja kwa mwenye fedha, na wakulima waliokuwa juu yake wakajua habari siku waya za uzio zilipofika.

Njia yenyewe ilikuwa na adabu zote za kisheria. Sheria ya 1973 ilidai uchunguzi ufanyike kwanza ili kuona kama ardhi ina watu. Ofisa wa ardhi alikuja kwa gari la mwombaji, akala kwa mwombaji, akaandika kwamba ni malisho matupu. Hati ya usajili ikatolewa mjini. Na sheria hiyo hiyo inasema hati ikipita miaka miwili bila kupingwa, haiguswi tena. Mkulima wa Ngungu au Karuba asiyesoma Kifaransa, asiyejua ofisi iko wapi, angeipingaje hati ambayo hajawahi kuiona? Miaka miwili ilipita akipalilia maharagwe.

Pareto ikang'olewa, ng'ombe wakaingia, kwa sababu ng'ombe hawahitaji vibarua wengi. Hili lina uzito wake. Mlowezi wa Kibelgiji aliwahitaji watu, hata kama aliwanyonya. Mwenye ferme wa miaka ya 1970 na 1980 aliihitaji nyasi. Kilima kilichokuwa kikilisha familia nyingi kikabaki na wachungaji wachache, na fromaji ile tunayojivunia ilikua juu ya kilima hicho. Waliobaki pembeni mwa uzio waliingia katika utaratibu unaoitwa salongo: unampa mwenye ferme siku moja au mbili za kazi kila wiki, naye anakukatia kipande cha kulima kwa msimu. Hakuna karatasi. Msimu ujao akitaka kupanua malisho, unahama. Mhutu alitoa salongo, Mhunde alitoa salongo. Tarehe 29 Juni 1981 sheria nyingine ikaufuta uraia ule wa 1972, na maskini wa asili ya Kinyarwanda akawa hana hati ya shamba wala hati ya nchi. Tajiri wa asili hiyo hiyo alibaki na ng'ombe wake.

Katika miaka ya 1980 wakulima wa Kihutu walijikusanya katika chama cha ushirika kilichoitwa MAGRIVI. Kilianza kama chama cha wakulima, na moja ya mambo kilichoyapinga ni kulipa mutulo kwa machifu wa Kihunde. Kwa jicho la mwanahistoria wa matabaka, huo ni mgomo wa wapangaji dhidi ya mwenye nyumba. Kwa jicho la chifu, ni wageni wanaotaka kunyakua nchi. Na kwa kuwa chifu alikuwa amekwisha uza sehemu kubwa ya ardhi, mutulo ulikuwa karibu yote aliyobaki nayo. Machoni pa Mhunde maskini hali ilikuwa mbaya zaidi: hana ardhi, hana ada ya kupokea, na sasa anaambiwa hata jina la nchi yake linachukuliwa. Kongamano Kuu la Taifa la 1991 na 1992 likaifanya kura kuwa karibu, na kura ikalifanya kila kabila lihesabu vichwa vyake.

Tarehe 20 Machi 1993 Wahutu waliuawa sokoni Ntoto, Walikale. Moto ukahamia Masisi, na wote wakaua na wote wakauawa. Idadi ya waliokufa inakadiriwa kati ya 6,000 na 14,000, na robo milioni hivi walikimbia makwao. Miaka michache baadaye watafiti Paul Mathieu na Mafikiri Tsongo waliandika kuhusu mapigano hayo kuanzia 1937 hadi 1994, wakayaita vita vya wakulima. Jina hilo ni sahihi, na linauma. Wengi wa waliokatana kwa panga walikuwa watu wasio na hati.

Kwa nini hawakuungana? Swali hili ndilo linanipeleka mbali kidogo na Masisi, hadi Virginia ya karne ya 17, kwa sababu kuna mwanahistoria wa Marekani aliyelichimba vizuri. Edmund Morgan, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu utumwa na uhuru wa Marekani, alieleza jinsi mabwana wa tumbaku walivyoleta Waingereza maskini kwa mkataba wa kazi wa miaka kadhaa. Mkataba ulipokwisha, ardhi nzuri ilikuwa imekwisha chukuliwa. Nchi ikajaa vijana wenye bunduki wasio na shamba. Kwanza hasira yao ilielekezwa kwa wenyeji wa asili wa Marekani, na Nathaniel Bacon aliwaongoza kuwashambulia. Kisha, mwaka 1676, ikamgeukia gavana na matajiri, na mji wa Jamestown ukachomwa moto. Kundi moja la mwisho kukataa kusalimisha silaha lilikuwa na Waafrika wapatao 80 na Waingereza wapatao 20, bega kwa bega.

Matajiri waliona hatari hiyo. Katika miaka iliyofuata walipunguza kuleta Waingereza wa mkataba, wakanunua Waafrika zaidi, na sheria ikawatenganisha maskini hao kidogo kidogo. Sheria za Virginia za mwaka 1705 ziliagiza mtumishi mzungu anayemaliza mkataba apewe mahindi, shilingi 30 na bunduki. Sheria hizo hizo ziliagiza farasi, ng'ombe na nguruwe waliokuwa mali ya watumwa wanyang'anywe, wauzwe, na fedha zisaidie maskini wa parokia. Yaani maskini mzungu alipewa ng'ombe wa mtu aliye chini yake, na bwana wa tumbaku hakutoa hata ndama wake mmoja. Kwa hoja ya Morgan, usawa wa wazungu ulijengwa juu ya mgongo wa mtumwa, na tajiri akalala usingizi.

Sisemi Masisi ni Virginia. Huku hapakuwa na bunge moja la matajiri lililokaa likapanga kila kitu. Kulikuwa na Mbelgiji aliyeleta watu, Mobutu aliyegawa uraia na kuunyang'anya, machifu waliouza, na kila mmoja alikuwa na hesabu zake. Pia sikubaliani na wale wanaosema kabila ni uongo mtupu. Mama aliyeona nyumba yake ikichomwa na watu walioimba jina la kabila lake hakuota ndoto. Lakini kanuni ya Morgan inafaa huku kama ilivyofaa kule: ukiona maskini wawili wanagombania mpaka wa shamba la futi kumi, nyanyua macho utazame kilima kilicho nyuma yao, uulize nani amesajiliwa kukimiliki.

Julai 1994 wakimbizi wanaokadiriwa kufika milioni moja walivuka kutoka Rwanda, na kipindupindu kikaua watu wapatao 50,000 katika wiki chache. Ndosho, iliyokuwa pembezoni mwa mji, ikafunguliwa kituo cha watoto waliopoteza wazazi, na jina lake likasikika katika habari za dunia kwa mara ya kwanza. Masisi ikapoteza ng'ombe wake karibu wote, kwa kuporwa na kuchinjwa. Wakulima wakarudi kwenye malisho matupu, wakalima. Kwa miaka michache kilima kilirudi kwa jembe. Vita vya waasi wa AFDL na RCD vilipotulia, wenye hati walirudi na hati zao, wengine wakiwa na walinzi wenye bunduki, ng'ombe wapya wakanunuliwa, na jembe likafukuzwa tena. Hati iliyotolewa 1975 ilikuwa imeshinda vita viwili.

Rubaya, palepale Masisi, mchezo ule ule unachezwa chini ya ardhi. Kampuni ilikuwa na kibali cha mgodi wa koltani, wachimbaji wa koleo walikuwa na ushirika wao, Cooperamma, na mwaka 2013 pande hizo mbili zilitia saini makubaliano kwamba wachimbaji wachimbe na kuuzia kampuni. Makubaliano hayakukaa. Mwaka 2024 M23 wakaushika mji, na aliye na koleo akapata bwana mwingine.

Mji wa Goma nao umejipanga kwa ramani hiyo hiyo. Ulifanywa makao makuu ya mkoa mwaka 1988, ukavimba kwa kila vita. Himbi, kando ya ziwa, ina nyumba za ghorofa na kuta ndefu, baadhi zikiwa zimejengwa kwa fedha za ng'ombe na madini. Ndosho ina mbao, mawe, na vijana wanaosukuma chukudu za mbao zenye bidoni za maji kwa sababu bomba halifiki kila mahali. Mwenye ferme na aliyekuwa akimtolea salongo wanakaa mji mmoja, na wote wawili wameikimbia Masisi. Mmoja anapata maziwa yake kila asubuhi kwa pikipiki. Mwingine anaiona pikipiki hiyo ikipita.

Sheria ya 1973 ina kifungu cha 389, kinachoahidi kwamba haki za wakulima kwenye ardhi za jamii zao zitapangwa kwa amri ya Rais. Zaidi ya miaka 40 ilipita bila amri hiyo kutiwa saini. Wakati wote huo, wenye hati walikuwa na sheria, na wenye majembe walikuwa na ahadi.

Ninyi wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Goma na vyuo vingine vya mji huu, hamhitaji kusafiri mpaka Indiana. Waliotoa salongo katika miaka ya 1970 bado wako Ndosho, ingawa kila mwaka wanapungua. Wanajua kilima kipi kilikuwa cha nani kabla ya uzio, ofisa gani alikuja, na alikula wapi. Nendeni mkawaandike sasa, kwa Kiswahili chao, Wahunde na Wahutu na Watutsi, kisha mkafungue mafaili ya ofisi ya ardhi mlinganishe.